Mwanamaji kuwa Mkuu wa Majeshi si ushindi wa bahari

Tangu Jenerali Charles Kahariri aapishwe kuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya mwanzoni mwa Mei 2024, safari yake kutoka Jeshi la Wanamaji hadi kilele cha Makao Makuu ya Ulinzi imesomwa kwa namna mbili, na zote mbili zinapotosha. Wapo wanaoshangilia kwamba hatimaye nchi imempata mtu anayeijua bahari, kwa hiyo Kenya itaacha kuipa mgongo pwani yake. Wapo pia wanaonong'ona kwamba mwanamaji huchaguliwa kwa kuwa hana vifaru wala vikosi vya kumtia Rais kiwewe. Kundi la kwanza linamtwika mtu mmoja kazi ambayo kiti chenyewe hakimpi nafasi ya kuifanya. Kundi la pili linatafuta hila mahali penye ratiba. Ninachoshikilia mimi ni kwamba maisha ya kazi ya afisa mwandamizi wa wanamaji nchini Kenya ni safari ya kuiaga bahari hatua kwa hatua, na akifika juu kabisa, bahari huwa miongoni mwa mambo anayopata muda mchache zaidi kuyashughulikia. Anayetaka kujua kama Kenya inaithamini bahari yake asiangalie rangi ya sare ya Mkuu wa Majeshi.

Tuanze na hiyo ratiba, maana ndiyo isiyotajwa kwenye mijadala mingi. Kwa karibu miongo minne ya mwanzo baada ya uhuru, kiti cha juu jeshini kilikuwa mali ya Jeshi la Nchi Kavu. Joseph Ndolo, Jackson Mulinge aliyekaa hadi 1986, Mahmoud Mohamed aliyemfuata hadi 1996, kisha Daudi Tonje, wote walitokea huko. Tonje ndiye aliyeacha nyuma utaratibu ambao wanajeshi hadi leo wanauita Kanuni za Tonje: vipindi vyenye kikomo, umri wa kustaafu kwa kila cheo, na uongozi wa juu kuzunguka kati ya matawi matatu ya jeshi. Tazama kilichofuata. Desemba 2000 aliingia Joseph Kibwana, mwanamaji. 2005 akaja Jeremiah Kianga wa nchi kavu, 2011 Julius Karangi wa wanahewa. 2015 kiti kikarudi kwa wanamaji kupitia Samson Mwathethe, 2020 kikaenda kwa Robert Kibochi wa nchi kavu, 2023 kwa Francis Ogolla wa wanahewa. Ogolla alipofariki katika ajali ya helikopta Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024, chini ya mwaka mmoja tangu ateuliwe, zamu iliyokuwa ikifuata ilikuwa ya wanamaji. Wanamaji, nchi kavu, wanahewa; wanamaji, nchi kavu, wanahewa; na sasa wanamaji tena. Marais wanne, yaani Moi, Kibaki, Uhuru na Ruto, watu wasiofanana kwa lolote kisiasa, wameufuata mfuatano huo bila kuuruka hata mara moja.

Kwa upande wa miaka, utiifu haukuwa mkamilifu. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 inampa Mkuu wa Majeshi kipindi kimoja cha miaka minne au hadi umri wa kustaafu umkute, lakini Mwathethe aliongezewa mwaka, na kabla ya sheria hiyo Kianga alikaa karibu miaka sita. Marais wamekuwa wakivuta muda pale wanapotaka. Foleni yenyewe hawajaivunja. Kuna kiti kingine cha kukiangalia zaidi, kile cha Naibu Mkuu wa Majeshi, kwa sababu Karangi, Mwathethe, Kibochi, Ogolla na Kahariri wote walipitia hapo. Kahariri alikuwa amekikalia kwa wiki chache tu msiba ulipotokea. Kwa hiyo waliosema uteuzi wake ulikuwa wa ghafla wana haki kuhusu tarehe. Kuhusu mtu na tawi atokalo, hapakuwa na ghafla yoyote. Ajali iliiharakisha saa, mishale ikabaki ikizunguka upande ule ule.

Sasa tumfuate afisa mwenyewe kuanzia chini. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa tarehe 16 Desemba 1964, miaka miwili baada ya kuvunjwa kwa jeshi la majini la kikoloni lililokuwa na makao Mombasa na kuhudumia Afrika Mashariki nzima. Makamanda wake wa kwanza walikuwa Waingereza, na Mkenya wa kwanza alishika usukani 1972. Ni jeshi dogo, lililojengwa juu ya kambi ya Mtongwe upande wa kusini wa bandari ya Kilindini, na baadaye Manda kule Lamu. Kijana anayeingia huko kama afisa hupewa vyeo vile vile vya nchi kavu: luteni, kapteni, meja, kanali. Kenya haina admirali, na kamanda wa wanamaji ni meja jenerali sawa na mwenzake wa wanahewa. (Wageni kutoka majeshi mengine ya majini hulazimika kuelezwa hili kila mara, na sidhani kama huwa wanaelewa kwa mara ya kwanza.)

Kazi yake ya kwanza ya maana ni zamu. Saa nne usiku amesimama kwenye chumba cha usukani, taa zimezimwa ili macho yazoee giza, rada mbele yake, baharia wa usukani kando yake, nahodha amelala chumbani kwake na ameacha maagizo kwa maandishi aamshwe meli yoyote ikikaribia kupita umbali aliouweka. Kila badiliko la mwelekeo, kila chombo kilichoonekana na kuhojiwa kwa redio, jina lake na bandari kilikotoka, huingia katika daftari la zamu pamoja na saa na mahali. Wakirudi Mombasa, meli hupita katika mkondo mwembamba wa Likoni huku feri zikikatiza mbele yake kutoka kando moja hadi nyingine, na hapo ndipo luteni anapojua kama ana tumbo la kazi hii au hana. Hatukuzi neno tukisema taaluma nzima ya uanamaji iko katika miaka hiyo: kuhukumu umbali, kuvumilia uchovu, kujua ni lini umwamshe mkubwa wako na ni lini usimwamshe.

Baada ya hapo ngazi inaanza kumtoa majini. Akifaulu atakuwa ofisa wa pili wa meli, kisha nahodha wa meli ya doria, na kwa bahati nahodha wa mojawapo ya meli kubwa chache zilizopo. Hapo atakuwa meja au luteni kanali. Kanali akipanda kuwa brigedia, hakuna meli inayohitaji mtu wa cheo chake. Kinachomsubiri ni ofisi: mafunzo, vifaa, mipango, ununuzi. Atapelekwa Karen, Nairobi, kwenye vyuo vya ukamanda na ulinzi wa taifa kukaa darasa moja na maafisa wa nchi kavu na wanahewa, na atapimwa kwa uwezo wake wa kufikiri kuhusu vita ambavyo kwa Kenya, tangu vita vya Shifta kaskazini mashariki mwa nchi hadi Somalia, vimekuwa vya nchi kavu. Anayekataa kuiacha bahari hubaki chini. Anayefika kuwa luteni jenerali ni yule aliyejifunza kusema lugha ya vikosi vya miguu vizuri kuliko wengi waliozaliwa nayo. Hilo silisemi kwa kejeli. Jeshi la pamoja linahitaji watu wa namna hiyo. Lakini tusidhani kwamba tunapomweka mtu huyo juu tunaiweka bahari juu.

Ukiwatazama watatu waliokwisha kukalia kiti hicho, hoja hii inajionyesha yenyewe. Kibwana alikuwa ameliongoza Jeshi la Wanamaji kwa takriban muongo mmoja tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo kama kuna Mkuu wa Majeshi aliyeijua Mtongwe kwa kila ukuta wake, ni yeye. Lakini historia itamkumbuka kwa siku moja ya nchi kavu: tarehe 30 Desemba 2002 katika Uhuru Park, chama kilichotawala tangu uhuru kilipokabidhi madaraka kwa upinzani kwa mara ya kwanza. Umati ulikuwa umefurika hadi jukwaani, Mwai Kibaki akiapishwa katika kiti cha magurudumu mguu ukiwa kwenye plasta, Moi akizomewa waziwazi. Kazi ya Mkuu wa Majeshi siku ile ilikuwa kuhakikisha jeshi linabadilisha saluti kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine bila mtu yeyote kuwaza vinginevyo. Ilifanyika. Ulikuwa mchango mkubwa kuliko doria yoyote, na haukuwa na chembe ya chumvi.

Mwathethe ndiye mfano ambao wapenzi wa bahari huutaja, na wana sababu. Akiwa bado Mkuu wa Majeshi alipewa na Rais Uhuru Kenyatta uenyekiti wa kamati ya kutekeleza uchumi wa samawati, yaani uchumi wa rasilimali za bahari na maziwa. Novemba 2018 Huduma ya Walinzi wa Pwani ilizinduliwa Liwatoni, Mombasa, na wiki hiyo hiyo, au karibu nayo, Nairobi ikawa mwenyeji wa kongamano la dunia kuhusu uchumi huo. Meli ya MV Uhuru iliyokuwa imelala miaka mingi katika Ziwa Victoria ilifufuliwa kwa mikono ya wanajeshi wa majini na kurudi kazini Desemba 2019, na kutokana na juhudi hizo likazaliwa shirika la umma la kujenga na kukarabati meli chini ya Wizara ya Ulinzi. Haya ni mambo ya kweli na yana uzito. Ila soma upya orodha hiyo uone kilichoyawezesha: kamati iliyoundwa na Rais, sheria iliyopitishwa na Bunge, agizo la Ikulu. Mwathethe alikuwa mtu sahihi aliyepewa kazi ya pili juu ya kazi yake ya kwanza, na alipewa na mwanasiasa aliyeitaka. Bila utashi ule, kiti kisingempa chochote.

Na kazi yake ya kwanza ilikuwa nini? Tarehe 15 Januari 2016, miezi michache tu baada ya kushika hatamu, al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde, katika mkoa wa Gedo nchini Somalia, na serikali haikuwahi kuwapa wananchi hesabu kamili ya waliouawa. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow, nchini humo humo. Ni mashambulizi ya alfajiri dhidi ya kambi za nchi kavu, kwenye vumbi na miiba, mbali na kina kirefu cha maji. Aliyehukumiwa kwa hayo mitaani na bungeni alikuwa mwanamaji. Hata kambi ya majini ilipopigwa, yaani Manda Bay tarehe 5 Januari 2020, ambapo Wamarekani watatu waliuawa, wavamizi hawakutokea baharini. Walitokea msituni. Alipostaafu alikabidhiwa uenyekiti wa bodi ya KenGen, kampuni ya kufua umeme. Nchi iliyokuwa imemsifu kwa kuijua bahari ilimpeleka kusimamia mabwawa na mvuke wa Olkaria.

Kahariri naye hakupata hata miezi miwili ya kutulia. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji vijana waliingia katika majengo ya Bunge kupinga Mswada wa Fedha, na siku hiyo hiyo Waziri wa Ulinzi akatangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba KDF, yaani Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, itaisaidia polisi. Bunge likaidhinisha siku iliyofuata, Chama cha Mawakili kikakimbilia mahakamani, na Mahakama Kuu ikaruhusu wanajeshi kubaki huku ikiitaka serikali ieleze mipaka na muda wa kazi yao. Mtu aliyefunzwa kutofautisha jahazi la mvuvi na la mlanguzi usiku alijikuta akisimamia magari ya deraya katikati ya Nairobi. Huo ndio uhalisia wa kiti hicho, na ungemkuta yeyote aliyekikalia.

Sasa geuza swali upande wa pili: mambo makubwa ya bahari ya Kenya yalitokea chini ya nani? Operesheni iliyo kubwa kuliko zote katika historia ya Jeshi la Wanamaji ni ile ya Septemba 2012, wanajeshi wa Kenya walipoteremshwa ufukweni na kuingia Kismayu kutoka baharini. Mkuu wa Majeshi wakati huo alikuwa Karangi, rubani. Kweli, naibu wake alikuwa Mwathethe, na sitashangaa kama ushauri wake ulipewa uzito, lakini hilo linathibitisha tu kwamba ujuzi wa bahari unaweza kusikika bila kukaa kiti cha juu. Meli ya KNS Jasiri, kubwa kuliko zote tulizonazo za doria, iliagizwa Hispania kwa mkataba wa 2003, enzi za Kibwana. Mkataba huo ulizama katika Anglo Leasing, kashfa ya mikataba ya serikali iliyogubikwa na ufisadi, meli ikakwama ng'ambo miaka na mikaka, ikatia nanga Mombasa 2012. Mwanamaji kuwa juu hakuikinga meli ya wanamaji isigeuzwe mlango wa kula, maana mikataba ile haikusainiwa gatini.

Wakati wa uharamia, Septemba 2008, ni Kianga wa nchi kavu aliyekuwa mkuu pale meli ya MV Faina ilipotekwa ikiwa na vifaru 33 vya T-72, ikielekea Mombasa. Maharamia waliishikilia hadi Februari 2009. Sijui mfano mzuri zaidi wa kumweleza mtu wa bara kwa nini bahari inamhusu: vifaru, silaha ya nchi kavu kuliko zote, vilikaa miezi vikielea pwani ya Somalia kwa sababu vijana wenye boti za mwendo kasi walikuwa wameamua hivyo.

Halafu kuna kesi ya mpaka. Somalia ilifungua shauri katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague Agosti 2014, na hukumu ikatolewa tarehe 12 Oktoba 2021. Katika miaka hiyo saba Kenya ilikuwa na Mkuu wa Majeshi rubani, kisha mwanamaji, kisha askari wa nchi kavu, na hakuna dalili kwamba badiliko lolote kati yao liligeuza mkondo wa kesi. Iliendeshwa na mawakili na Wizara ya Mambo ya Nje, na mwishowe Kenya ikakataa kushiriki vikao vya kusikilizwa vya Machi 2021. Lakini kuna jambo moja katika kesi ile ambalo linapaswa kumwamsha kila anayejali taaluma hii. Kenya ilidai kwamba mpaka unaofuata mstari wa latitudo, kama ilivyotangazwa 1979 na tena 2005, ulikuwa umekubaliwa kwa kimya na Somalia, na miongoni mwa ushahidi iliyoutoa ni doria za Jeshi la Wanamaji katika eneo hilo. Mahakama haikuridhika, na sehemu kubwa ya mstari tulioudai ikasogezwa. Fikiria maana yake. Daftari la zamu la luteni wa miaka 25, lenye saa, mahali na jina la chombo kilichohojiwa, lilikuwa na nafasi ya kuwa kielelezo mbele ya majaji wa dunia. Doria za kutosha, za miaka mfululizo, zilizoandikwa vizuri, ni hoja ya kisheria. Doria za kubahatisha si hoja. Kwa suala la mpaka, idadi ya siku ambazo meli zetu zilikuwa nje ya Kilindini ilikuwa na uzito kuliko jina la jenerali yeyote aliyekuwa Nairobi.

Turudi kwa wanaonong'ona. Hoja kwamba mwanamaji huteuliwa kwa sababu hawezi kupindua serikali ina mvuto wa kahawani, na nimeisikia ikisemwa kwa uhakika mkubwa na watu wenye elimu. Ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwanza, haielezi kwa nini marais wale wale waliteua askari wa nchi kavu na rubani zamu zao zilipofika. Pili, haijui namna mapinduzi yanavyotokea. Jaribio la tarehe 1 Agosti 1982 lilipangwa na wanajeshi wa vyeo vya chini wa Jeshi la Wanahewa wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, ambaye hakuwa hata afisa. Lililolizima ni Jeshi la Nchi Kavu. Kama hoja ni kwamba tawi lililokuwa chimbuko la uasi halipaswi kuaminiwa, wanahewa wasingepewa kiti 2011 wala 2023. Tatu, Mkuu wa Majeshi hafiki kazini na jeshi lake mfukoni. Anaamrisha kupitia makamanda wa matawi matatu ambao nao wanaketi katika Baraza la Ulinzi kwa mujibu wa Katiba. Rubani hana vifaru pia, na hakuna anayesema aliteuliwa kwa sababu hiyo.

Hoja ya kikabila ni ngumu zaidi kuitupa, na sitaki kuitupa. Kibwana na Mwathethe wote ni watu wa Pwani, na kwa miaka mingi zamu ya wanamaji ilionekana kama zamu ya Pwani. Katiba yenyewe, kifungu cha 241, inataka uongozi wa majeshi uakisi maeneo na makabila ya nchi, kwa hiyo si kosa rais kuzingatia atokako mtu. Lakini Kahariri si wa Pwani, na huenda uteuzi wake uliwaacha baadhi ya watu wa huko wakihisi wamenyang'anywa kilicho chao. Ndipo ilipobainika kwamba tulikuwa tumechanganya mambo mawili. Tawi ni moja, eneo ni lingine. Watu wa Pwani wana haki ya kudai nafasi katika uongozi wa jeshi lote, wanahewa na nchi kavu wakiwemo. Kudai kwamba wanamaji ni fungu lao kunawafungia kwenye tawi dogo kuliko yote na kuwaachia wengine mawili makubwa. Ni biashara mbaya.

Hoja iliyo na nguvu kweli dhidi ya utaratibu huu ni nyingine, na ajabu haisemwi sana. Mzunguko unalipa tawi dogo uzito sawa na tawi kubwa. Zamu ya wanamaji inapofika, orodha ya wanaostahili, wenye cheo, umri na mafunzo, inaweza kuwa ya watu wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nchi kavu ina majenerali wengi zaidi waliowahi kuongoza brigedi vitani. Kwa nini nchi inayopigana vita vya nchi kavu ijinyime uwanja mpana wa kuchagua kwa sababu ya foleni? Jibu langu ni kwamba gharama hiyo ipo, na inafaa kulipwa, kwa sababu kabla ya foleni hii tulikuwa na utaratibu wa mtu mmoja kukaa miaka kumi. Mohamed alidumu muda huo. Jeshi ambalo kila afisa anajua kiti cha juu kitaondoka kwenye tawi lake na kurudi halina haja ya kutafuta njia za mkato. Utulivu huo tumeuzoea hadi hatuuoni, wakati sehemu nyingine za bara hili zimeanza tena kusomewa matangazo ya kijeshi kwenye televisheni. Anayetaka kuivunja foleni ili kupata mpiganaji bora aeleze kwanza atamzuiaje rais kumchagua rafiki bora.

Likikubalika hilo, matokeo yake kwa wapenda bahari si ya kufurahisha. Ikiwa kazi ya foleni ni kudhibiti madaraka, basi haina uhusiano na vipaumbele vya ulinzi. Haikuundwa kwa ajili hiyo. Mkuu wa Majeshi mwanamaji hawezi kuipendelea Mtongwe bila kuonekana anavunja mapatano yaliyomfikisha pale. Nadhani kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba atajizuia, kama refa anayechezesha timu ya kijijini kwao. Nakumbuka Septemba 2019, gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri Likoni na mama na mtoto wake wakapoteza maisha. Ilichukua karibu wiki mbili kulitoa, wapiga mbizi wa jeshi wakisaidiana na wengine, na wananchi wakiuliza kwa uchungu kwa nini vifaa vya kutafuta kitu kwenye kina kile havikuwa tayari, kwenye mkondo ambao meli za kivita hupita kila siku kwenda kambini. Mwanamaji alikuwa amekalia kiti cha juu kwa zaidi ya miaka minne wakati huo. Swali lile halikuwa lake peke yake kulijibu, wala wapiga mbizi waliohatarisha maisha yao hawakuwa wa kulaumiwa. Lilikuwa swali la bajeti ya miaka mingi.

Kwa hiyo maswali ya bahari yapelekwe yanakostahili. Kamati ya Bunge ya Ulinzi inapojadili makadirio, ni nadra kusikia mbunge akiuliza meli zetu zilikuwa baharini siku ngapi mwaka uliopita, ngapi zilikuwa gatini zikisubiri vipuri, na nani anagawa kazi kati ya Jeshi la Wanamaji na Walinzi wa Pwani tangu sheria ya 2018 iwatenganishe. Kamanda wa wanamaji, meja jenerali ambaye Wakenya wengi hawamjui kwa jina, ndiye anayepaswa kuwa na majibu hayo, na muda wake katika cheo hicho una maana kubwa kwa bahari kuliko muda wa aliye juu yake. Kibwana alipewa kama miaka kumi pale. Warithi wake wa karibuni wamekuwa wakipita haraka, wengine kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuhamishwa au kupandishwa, kwa sababu kiti hicho kimegeuka kituo cha kungojea kingine. Meli ya kivita huchukua miaka mingi tangu kuombwa hadi kufika. Hakuna kamanda wa sasa anayeweza kutarajia kuipokea aliyoiomba mwenyewe.

Kipindi cha Kahariri kikienda kama sheria inavyosema, kitakwisha 2028 au kabla, na foleni itawarudia nchi kavu. Aliyeteuliwa kuwa naibu wake mwezi ule ule wa Mei 2024, Luteni Jenerali John Omenda, hata hivyo anatoka kwa wanahewa. Baada ya nchi kavu, foleni inawafikia wanahewa. Wanamaji hawatakikaribia kiti tena hadi katikati ya miaka ya 2030. Kufikia hapo KNS Nyayo na KNS Umoja, meli zilizojengwa Uingereza miaka ya 1980, zitakuwa zinaikaribia miaka 50 ikiwa bado zitakuwa zinatumika. Uamuzi wa kuzibadilisha au kutozibadilisha utakuwa umefanywa na askari wa nchi kavu na rubani, pamoja na wabunge watakaokuwa wamekaa Nairobi wakati huo.